Jaribu Tena

Siku ya vitambulisho, ofisi ya kata, Mahuta,
mama aliweka kidole juu ya kioo cha kijani
na mashine ikasema: jaribu tena.
Akakipangusa kwa khanga, akajaribu.
Jaribu tena.
Cha shahada, cha kati, cha pete, hata gumba la kushoto
ambalo mwenyewe huliita mvivu.
Karani akapuliza kioo, akanitazama mimi
kana kwamba ndimi fundi.
"Mama huyu hana vidole," alisema.

Anavyo. Kumi.
Vimebangua korosho misimu ishirini na sita,
na mafuta ya ganda, yale meusi, makali,
yameila mistari yote, mmoja mmoja, bila haraka.

Nilikuwa kidato cha pili. Nadhani ndipo nilipoanza.

Sasa niko mwaka wa tatu, na mwalimu wa udhibiti,
Mhandisi Nandonde, anaandika ubaoni:
kosa ni kinachotakiwa, toa kilichopo.
Basi. Hakuna aibu ndani yake.
Mashine njema, anasema, haiishi kwa kupatia,
huishi kwa kupima imekosea kiasi gani,
ikasogea kidogo, ikapima tena.
Ukiirekebisha kwa pupa inapita alama, inarudi, inapita,
inayumba kama mlevi anayetafuta tundu la kufuli.
Ukiirekebisha kwa uvivu, haifiki.
Darasa zima likaandika. Mimi nikaona
kisu cha mama.

Maana hakuna korosho mbili zilizo sawa
(nimeishi nazo tangu kuzaliwa, sikuliona hilo).
Anaipokea, anaigeuza, gumba linaipima,
anagonga. Si kwa nguvu. Kwa nguvu ya hii tu.
Ganda linaachia, punje inatoka nzima,
imejikunja ndani ya ngozi yake.
Nani alimwandikia mlingano huo?

Likizo hii nimerudi na mkono wa bati:
mota ya waipa kutoka gereji ya Chikongola,
betri ya pikipiki ya mjomba Mfaume,
kihisio cha mkandamizo, chembamba kama kucha,
na mistari mia nne ya programu niliyoiandika usiku
umeme ukikatika, ukirudi, ukikatika.

Kumi za kwanza: saba unga.
Mama hakucheka. Alikusanya vipande kwenye ungo.
"Hivi vinafaa kwenye kisamvu," akasema.
"Mwambie apunguze hasira."
Mwambie. Kana kwamba bati lina masikio.
Nikashusha namba moja, kutoka tisa hadi nne.
Kumi za pili: nne unga.
Kumi za tatu, betri ikafa.

Biti Chilemba, jirani, akauliza kutoka ng'ambo ya ua:
"Somoe, dude hilo likihitimu,
sisi tutabangua nini?"
Sikuwa na jibu. Swali nimeliandika pembeni mwa daftari,
nikalizungushia duara.
Kitabu changu kina sura ya mota, kina sura ya mrejesho,
hakina sura ya Biti Chilemba.

Jana, betri imejaa, nilitaka kupima kihisio tu.
"Mama, lete kidole."
Akakunja ngumi kwanza.
Miaka saba, na bado anaisikia ile sauti.
Halafu akakiweka cha shahada, taratibu,
kama mtu anayegusa sufuria kujua kama imepoa.

Kidirisha kikawaka: mia mbili na kumi na mbili.
Mia mbili na tisa.
Mia mbili na kumi na nne.
"Namba ya nini hiyo?"
"Yako, mama. Unavyokandamiza."
"Mbona haitulii?"
"Kwa kuwa hutulii. Labda ni mapigo ya damu."

Akakandamiza, ikapanda. Akalegeza, ikashuka.
Akakandamiza tena, akalegeza tena,
kama mtoto aliyeoneshwa swichi ya taa,
mpaka nikasahau kuandika.